Neno "Faster": Maana Yake na Matumizi Yake

Katika mazungumzo haya twataka kulifumbua neno moja la Kiingereza, nalo ni "faster". Ni neno fupi, na husikika kila mahali: dereva huambiwa, fundi huambiwa, mkimbiaji huambiwa, na mtoto wa shule hulikuta mapema katika masomo yake. Ukimwuliza mtu maana yake, atakujibu mara moja kwamba ni "upesi zaidi", naye ataliacha hapo. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Ndani ya neno hilo mna desturi ya Waingereza ya kulinganisha vitu viwili; tena chini yake limelala neno la kale lenye maana ya kukaza na kufunga, ambalo hata leo laweza kumpoteza mtu hospitalini, gatini na dukani. Basi tutakwenda nalo hatua kwa hatua, ili mwanafunzi apate faida, na mzee asiye mwanafunzi naye asitoke mikono mitupu.

Tuanze na umbo lake. Neno lenyewe la asili ni "fast", na Waingereza wengi hulitamka kama "faast". Ni neno la kusifu kitu chenye mwendo mwingi: farasi, gari, mto, mkimbiaji. Waingereza wakitaka kulinganisha vitu viwili, huongeza mwishoni herufi mbili, "er", likawa "faster", yaani "faasta". Wakitaka kukitaja kimoja kilichovipita vyote, huongeza "est", likawa "fastest". Hivyo tuna ngazi tatu: "fast", chenye kasi, "faster", chenye kasi kuliko kingine, "fastest", chenye kasi kupita vyote.

Sisi katika Kiswahili hatuna kiambishi cha namna hiyo. Hatuwezi kulichukua neno "refu" tukalitia mkia likawa na maana ya "refu kuliko". Sisi hutumia neno jingine la kusaidia: kuliko, kupita, kuzidi, kushinda. Twasema, "Baiskeli hii ina mbio kuliko ile," au, "Baiskeli hii yaipita ile kwa mbio." Mwingereza husema, "This bicycle is faster than that one." Hapo neno "than" ndilo lishikalo kazi ya "kuliko", na lile "er" lafanya kazi ambayo sisi hatuna neno lake moja.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huteleza mahali pamoja. Katika Kiswahili mtu aweza kusema "kwa kasi zaidi kuliko," akatumia maneno mawili ya kuzidisha, wala hapana amkosoaye. Basi mwanafunzi akija kwenye Kiingereza hutafuta neno la "zaidi", akalipata "more", akaandika "more faster". Hilo ni kosa. Neno "faster" limekwisha beba zaidi yake ndani yake. Ukiliongezea "more" ni kama kumvika mtu kofia juu ya kofia. Neno "more" huwekwa mbele ya maneno marefu ya sifa yasiyopenda mkia, kama "beautiful" au "difficult". Maneno mafupi kama "fast", "tall" na "slow" hutiwa "er". Hali kadhalika hawasemi "very faster". Wakitaka kuonyesha kwamba tofauti ni kubwa, husema "much faster", na ikiwa tofauti ni ndogo husema "a little faster".

Jambo la pili ni hili. Katika Kiingereza maneno ya kusifu kitu na maneno ya kueleza tendo mara nyingi hutofautiana. "Quick" husifu kitu, "quickly" hueleza tendo. Lakini "fast" halibadiliki. Husemwa "a fast runner", mkimbiaji mwenye mbio. Na husemwa "he runs fast", hukimbia mbio. Mwanafunzi aliyefundishwa kutia "ly" kila mahali huandika "fastly", na neno hilo halimo katika Kiingereza cha siku hizi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa "faster" pia: lafaa kumsifu mkimbiaji, na lafaa kueleza kukimbia kwake.

Mfano mzuri wa jambo hili ni mwito wa Michezo ya Olimpiki. Mwito huo ulichukuliwa mwaka 1894, nao una maneno matatu ya Kilatini: "Citius, Altius, Fortius". Waingereza waliufasiri kwa maneno matatu yenye mkia ule ule: "Faster, Higher, Stronger". Sisi tukiufasiri twalazimika kusema, "Kwa kasi zaidi, juu zaidi, kwa nguvu zaidi." Tazameni jinsi neno "zaidi" linavyorudi mara tatu, ambapo kwao ni herufi mbili tu mwishoni mwa kila neno. Mwaka 2021 liliongezwa neno la nne, lenye maana ya "pamoja", nalo halikuwa na mkia huo, maana si neno la kulinganisha.

Na kwa kuwa tumetaja mbio, tumchukue mtu wa kwetu. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 32 na sehemu mbili za kumi. Alitangulia tangu mwanzo, wala hakungoja mzunguko wa mwisho kama walivyozoea wengi, akaivunja rekodi ya dunia. Aliyemfuata, John Walker wa New Zealand, naye aliipita rekodi ya zamani, lakini alifika nyuma ya Bayi kwa muda usiotimia nusu ya sekunde. Mwingereza akitaka kueleza habari hiyo asema, "Bayi was faster than Walker." Hasemi kwamba Walker alikuwa mzito. Wote wawili walikuwa na mbio nyingi mno. Hapa pana fundisho: "faster" halisemi kwamba kitu kina kasi sana, wala halisemi kwamba kile kingine ni kizito. Husema tu kwamba kimoja kimempita mwenzake. Kobe mmoja naye aweza kuwa "faster" kuliko kobe mwingine, na wote wawili wakabaki kobe.

Kwa hiyo kila mtu akikuambia kwamba kitu fulani ni "faster", una haki ya kuuliza, "Kuliko nini?" Mwuza pikipiki aweza kukuambia kwamba yake ni "faster", mwuza mbegu aweza kukuambia kwamba mahindi yake hukua "faster", asitaje yalipolinganishwa na nini, wala katika udongo gani, wala kwa mvua kiasi gani. Neno la kulinganisha lisilo na upande wa pili ni kama mizani yenye kitanga kimoja. Asiyeuliza hutoa fedha yake kwa neno lisilokamilika.

Sasa tuje kwa ndugu yake, "quicker". Watu wengi huyachanganya haya mawili, na mara nyingi hapana hasara. Lakini ukitaka kusema kwa usahihi, "faster" huelekea zaidi kwenye mwendo, na "quicker" huelekea kwenye muda unaotumika mpaka jambo liishe. Fikirini kijiji kilicho upande mmoja wa mlima, na soko upande wa pili. Gari huzunguka mlima kwa barabara ndefu. Mtu wa miguu hukata kwa njia ya bondeni. Gari ni "faster" kuliko mtu, hilo halina shaka. Lakini ikiwa barabara ni ndefu mno na gari husimama kila kituo, huenda njia ya miguu ikawa "quicker", kwa kuwa mwenda kwa miguu atafika sokoni kwanza.

Neno "quick" lina asili ya ajabu. Hapo kale maana yake haikuwa upesi, bali uhai. Kitu "quick" kilikuwa kitu kilicho hai. Ndiyo maana hata leo nyama laini iliyo chini ya ukucha, ile iumayo ukiikata, Waingereza huiita "the quick", yaani sehemu iliyo hai. Na zebaki, ile madini iendayo kama maji, waliiita "quicksilver", fedha iliyo hai, kwa kuwa haitulii. Kilicho hai huchangamka, na kilichochangamka huenda upesi; hivyo maana ikahama.

Hata sisi maneno yetu ya upesi yametoka mahali mbalimbali. "Upesi" ni jamaa ya "-epesi", kwa kuwa kisicho na uzito huondoka mara moja. "Haraka" tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya mwendo au kujitikisa. Basi kila lugha huutazama upesi kwa jicho lake: mmoja aona wepesi, mwingine aona kutikisika, mwingine aona uhai.

Je, "fast" liliona nini? Hapa ndipo penye siri tuliyoahidi. Asili ya "fast" ni kitu kilichofungwa imara, kilichokazwa, kisichong'oka. Mtu atashangaa: imekuwaje neno la kitu kisichoondoka liwe neno la kitu kiendacho mbio? Msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa lugha yake imepita njia hiyo hiyo. Twasema "kaza kamba", maana yake ivute mpaka isilegee. Tena twasema "kaza mwendo", maana yake enda upesi. Neno ni lile lile. Akazaye kamba hutia nguvu, na akazaye mwendo hutia nguvu. Nguvu iliyoshikilia kamba ndiyo iliyosukuma miguu. Vivyo hivyo Waingereza wa zamani walisema mtu alikimbia "fast", wakiwa na maana kwamba alikimbia kwa nguvu bila kulegea, mpaka baadaye neno likawa la kasi.

Lakini ile maana ya kwanza haikufa. Ingali hai, na ndiyo imponzayo mtu asiyeijua. Tutaje mahali panne.

Mahali pa kwanza ni baharini na ziwani. Chombo kikifika gatini, nahodha Mwingereza huamuru, "Make fast!" Hasemi "fanyeni upesi." Asema, "Fungeni kamba." Baharia akianza kukimbia huku na huku kwa kudhani ameambiwa afanye haraka, na kamba ingali mkononi mwake, chombo hupelekwa na maji na kugonga ukuta wa gati. Na akisikia "Hold fast", maana yake ni "shika sana, usiachie". Hata lori lililokwama matopeni, lisiloweza kusogea hata shubiri moja, husemwa kuwa ni "stuck fast".

Mahali pa pili ni dukani. Kitambaa kikiwa na maandishi ya "fast colour", maana yake ni rangi iliyoshika, isiyochuja majini. Mama anunuaye nguo kwa ajili ya arusi, akiyaona maneno hayo, asidhani kwamba rangi itatoka upesi akaiacha nguo nzuri. Maana yake ni kinyume kabisa.

Mahali pa tatu ni usingizini na katika urafiki. "Fast asleep" ni mtu aliyelala fofofo, usingizi umemfunga. "Fast friends" ni marafiki walioshikamana, si marafiki waliopatana jana na kuachana kesho.

Mahali pa nne ni hospitalini, na hapa twaomba mtege masikio sana. Neno "fast" lina maana pia ya kufunga, yaani kukaa bila kula. Tazameni tena jinsi Kiswahili kilivyokwenda sambamba: sisi twafunga kamba, na twafunga katika mwezi wa Ramadhani au wakati wa Kwaresima, kwa neno moja. Chakula cha asubuhi Waingereza hukiita "breakfast", maana yake kuvunja mfungo wa usiku, nasi twakiita kifungua kinywa, ambayo ni fikira ile ile. Sasa mgonjwa atakaye kupasuliwa huweza kupewa karatasi yenye neno "fast", pamoja na saa ya kuanzia. Maana yake ni kwamba tangu saa hiyo asile. Akidhani ameambiwa afike upesi, akaamka mapema, akala ugali na chai ili apate nguvu za safari, amejitia katika hatari. Mtu akitiwa dawa ya usingizi na tumbo lake limejaa, chakula chaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni, naye aweza kufa kwa hilo. Madaktari wakijua amekula, mara nyingi huiahirisha kazi. Kwa hiyo kila apewaye karatasi asiyoielewa vema asione haya kuuliza: "Nisile tangu saa ngapi? Je, maji niruhusiwe?" Swali moja laweza kuokoa roho.

Liko jambo jingine lipotoshalo, nalo ni la saa. Mwingereza akisema, "My watch is ten minutes fast," hasifu saa yake. Maana yake ni kwamba saa hiyo imetangulia dakika kumi mbele ya saa ya kweli. Huenda yatembea sawasawa, ila iliwekwa vibaya. Lakini akisema kwamba inakwenda "too fast", basi mitambo yake yenyewe yaenda kwa kasi kupita kiasi, na kosa litaongezeka kila siku: ikizidisha dakika 2 kwa siku, baada ya juma moja itakuwa mbele kwa dakika 14. Ile ya kwanza huirekebisha mwenyewe kwa kuiweka upya. Hii ya pili ni kazi ya fundi. Na katika reli za Uingereza "fast train" ni gari la moshi lisilosimama katika vituo vidogo. Anayetaka kushuka kituo kidogo akilipanda kwa kufurahia kasi yake, atapitishwa kwao huku akitazama dirishani.

Tumalizie kwa namna moja ya kusema ambayo wanafunzi wataikuta mara nyingi: "The faster... the..." Sisi twasema, "Kadiri... ndivyo..." Mfano: "The faster you go, the longer it takes to stop." Yaani, kadiri mwendo uzidivyo, ndivyo kusimama kunavyokawia. Maneno haya ni ya sarufi, lakini ukweli wake ni wa barabarani. Mwendesha pikipiki aendaye kilomita 80 kwa saa badala ya 40 amezidisha mwendo mara mbili; lakini umbali ambao breki zahitaji ili kumsimamisha hauzidi mara mbili tu, bali huwa karibu mara nne. Mtoto akiruka barabarani mbele yake, hesabu hiyo haisamehe.

Na mfano wa mwisho ni wa mbinguni. Nuru ni "faster" kuliko sauti. Nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Sauti hewani huenda kiasi cha mita 340 tu. Ndiyo maana twauona umeme wa radi kwanza, na ngurumo ikafuata. Hesabu sekunde tangu umeme mpaka ngurumo, ugawanye kwa tatu, utapata takriban umbali kwa kilomita. Sekunde tisa ni kama kilomita 3. Sekunde tatu ni kilomita 1. Mtu aliye shambani na hesabu yake yapungua kila mara, ajue radi yamjia, aache jembe aingie katika nyumba iliyo imara, wala asisimame chini ya mti.

Basi, wanafunzi, shikeni mambo haya. "Faster" hulinganisha, nalo lataka "than" pale upande wa pili utajwapo. Halitaki "more" wala "very" mbele yake. Hufaa kwa kitu na hufaa kwa tendo. Na mkiliona "fast" peke yake, msikimbilie maana ya kwanza ijayo akilini. Tazameni maneno yaliyo kando yake, mjue kama lasema juu ya mbio, au kamba, au rangi, au saa, au chakula. Wazee wetu walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Usemi huo wafaa kwa kusoma pia: asomaye neno kwa pupa hupata neno, lakini hukosa maana.